Sogea, Beinir

Mdogo wangu Beinir alivunja banda la nyama la baba yetu kwa sababu mwanamke mmoja wa Copenhagen alisema linamharibia picha. Naanzia hapo kwa kuwa ndipo kisiwa kizima kinapoanzia, na nikianzia kwingine mtasema namtetea. Namtetea, ndiyo. Mama alipofariki ni mimi niliyemfuta kamasi na kumfundisha kukama ng'ombe, kwa hiyo nina haki ya kumtetea. Lakini banda alilivunja kweli, na siku ile alikuwa mjinga wa kutupwa.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Vibeke. Alishuka na boti ya barua mwanzoni mwa Septemba, akiwa na kamera ya miguu mitatu na koti jekundu lililowatimua kondoo kila alipopita. Akapewa nyumba ya mwalimu, ambayo imebaki tupu tangu watoto wa shule walipokwisha. Alikuwa anatengeneza kitabu cha mandhari za visiwa vya mbali, akahitaji mtu wa kumwongoza milimani, maana huku kwetu ukungu ukishuka na hujui njia, unaweza kupiga hatua ukajikuta unaelea juu ya bahari. Wanaume wote walikuwa na kazi. Beinir naye alikuwa na kazi, ila hakuwa na mke, na alikuwa anakaribia miaka arobaini, basi wakamsukumia yeye huku wakikonyezana.

"Mpeleke vizuri, Beinir," Hálvdan wa dukani alimwambia. "Akiteleza mdake. Na asipoteleza mdake vilevile."

Watu walicheka. Beinir akawa mwekundu hadi shingoni. Kuona haya kwake kulikuwa burudani ya kijiji tangu utotoni, na sijui kwa nini Mungu alimpa ngozi nyeupe vile mtu ambaye hawezi kuficha kitu.

Vibeke hakupiga watu picha. Alipiga milima, magenge, mawimbi, nyasi zinazolala chini ya upepo. Alikuwa anatega kamera yake, anachungulia, na kila mara Beinir alikuwa mbele yake na mizigo mgongoni, hajui asimame wapi. Hapo Vibeke alimpungia mkono bila hata kuinua kichwa. "Sogea, Beinir. Unanizibia mlima." Alilisema kwa upole, siwezi kumsingizia. Alilisema kule juu kwenye kilele cha Knúkur, akalisema gatini, akalisema mbele ya kanisa. Jirani yetu Tróndur alilisikia akiwa anakusanya kondoo, akalibeba hadi kijijini, na kabla hatujala chakula cha jioni kila nyumba ilikuwa nalo.

Sisi sote tunajua Kidenmaki, tulifundishwa shuleni. Wadenmaki lugha yetu hawaijui, na hawajawahi kuona sababu ya kuijua. Kwa hiyo Vibeke alikaa kwetu wiki baada ya wiki, watu wakisemezana "sogea, Beinir" mbele ya pua yake, na yeye anatabasamu akidhani tunazungumzia hali ya hewa.

Beinir hakusikia, au alisikia akaona ni bei ndogo. Akanyoa ndevu alizofuga tangu baba alipokufa. Akaanza kuvaa sweta la kanisani siku za kazi. Asubuhi moja aliingia jikoni ananuka maua, mbwa akambwekea.

"Umejipaka nini?" nikamuuliza.

"Mafuta tu ya nywele."

"Nywele zipi? Hizo tatu?"

"Dada, niache."

"Mimi nakuacha. Ni mbwa ndiye hataki kukuacha."

Alicheka, nami nikacheka. Nilifikiri ni homa itakayopita na boti ya kumrudisha mgeni kwao. Nilikosea hesabu, sikujua homa ile imempanda kiasi gani.

Sasa sikilizeni kuhusu banda. Banda la nyama huku kwetu ni mbao zilizoachiwa mianya, upepo wa bahari uingie huku utokee kule. Mwezi wa Oktoba tukishachinja, tunaning'iniza kondoo humo wakiwa wabichi, bila chumvi, na upepo ndio unaopika. Hadi Krismasi nyama imekuwa nyeusi, ina harufu ya kumfukuza mgeni na utamu wa kumliza mwenyeji. Nyumba isiyo na banda ni nyumba ya kuhurumiwa. La kwetu baba alilijenga kwa mbao za meli iliyovunjika chini ya genge, akazipandisha mgongoni moja moja. Lilisimama mbele ya uwanja wetu, na ukisimama mlangoni ulikuwa unaona banda, kisha Knúkur nyuma yake.

Siku moja Vibeke alisimama hapo mlangoni, akainamisha kichwa huku na huku, akasema, "Banda hili linasikitisha. Lisingekuwepo, hii ingekuwa picha bora ya kitabu changu chote."

Nilikuwepo. Nililisikia kama mtu anavyosikia mgeni akilalamikia mvua. Nikaenda zangu malishoni kukama.

Niliporudi na ndoo, uwanja ulikuwa mweupe kwa mwanga. Nilishindwa kuelewa ni nini kimepungua, hadi nilipoona mbao zimepangwa chini kando ya ukuta na Beinir anang'oa misumari ya mwisho.

"Unafanya nini wewe?"

"Lilikuwa bovu."

"Bovu? Lilistahimili dhoruba iliyobeba paa la kanisa."

"Nitajenga lingine, dada. Mahali pengine. Kule nyuma."

"Kule nyuma hakuna upepo, Beinir. Wiki mbili zijazo tunachinja. Nyama tutaiweka wapi, kitandani kwako?"

Akawa ananyoosha msumari uliopinda kwa nyundo, polepole, kwa uangalifu mkubwa, na nikaona kwamba nikiongeza neno moja atalia. Niliongeza mawili matatu hata hivyo, hasira haikunipa nafasi ya kuchagua.

Kisha Vibeke akaja na koti lake jekundu. Akasimama, akapiga makofi. "Kumbe mlikuwa mnataka kulivunja? Ningejua nisingelalamika. Nina bahati." Akatega kamera. Beinir alikuwa amesimama karibu na mbao za baba na nyundo mkononi, akitabasamu vile mtu anavyotabasamu akiwa amekupa zawadi na anakungoja uifungue.

"Sogea kidogo, Beinir," akasema Vibeke. "Upande wa kushoto. Bado. Hapo."

Alisogea hadi akatoka kabisa. Sijawahi kumchukia mtu namna nilivyomchukia yule mwanamke wakati ule, na hakuwa amefanya kosa lolote ambalo angeweza kulijua.

Kijiji hakikucheka tena. Kumpenda mgeni ni jambo la kutaniwa. Kuvunja banda la baba yako kabla ya machinjo ni jambo jingine, na kisiwa chetu kina namna yake ya kulishughulikia. Hatumshtaki mtu wala hatumnunii. Tunamtungia wimbo. Beti zake zinahusu lile alilofanya, kila nyumba inachanga mstari, na siku ya ngoma baada ya machinjo wimbo unaimbwa kwenye duara, mwenyewe akiwa ndani. Wanaume wawili wenye nguvu wanamshika mikono, mmoja kulia na mmoja kushoto, na lazima acheze hadi ubeti wa mwisho. Akifika mwisho, yamekwisha. Wimbo hauimbwi tena maishani mwake wala baada yake, na atakayeuimba atafungiwa mlango. Lakini akikimbia katikati, wimbo unabaki hai. Mjomba wetu Jákup alirukia dirishani kwenye ubeti wa tano, akaondoka na boti ya kesho yake, akafia kiwandani huko Esbjerg, Denmaki. Wimbo wake vijana wangali wakiuimba wanapokusanya mayai. Mimi mwenyewe naujua wote.

Ukiingia dukani na watu wakanyamaza, ujue wimbo wako unatungwa. Beinir aliingia, watu wakanyamaza. Akanunua chumvi ambayo hatukuihitaji, akarudi nyumbani, akaketi.

Nilikwenda kwa Hálvdan, maana mtunzi ndiye yeye. Nilimkuta anapima misumari, ananung'unika kwa mdundo.

"Mwache mdogo wangu," nikamwambia. "Nitalijenga banda mimi, kwa mikono yangu."

"Kaa, Sunnvá. Kunywa kahawa."

"Sitaki kahawa yako."

"Wimbo si wangu, mama. Mimi nashona tu. Kitambaa kimeletwa na watu wote." Aliegemea kaunta na lile tumbo lake. "Na kusema kweli ni kwa faida yake. Unataka wamseme pembeni miaka thelathini? Ataimbiwa jioni moja, atapona."

"Kama Jákup alivyopona?"

"Jákup alikimbia." Akanimiminia kahawa hivyohivyo, akanisogezea kikombe. "Wewe ndiye unayekaa naye. Yale mafuta ya nywele, ni kweli mbwa alimbwekea?"

Kahawa ile niliimwaga kwenye pipa lake la sukari, nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia anacheka, kisha anaita mkewe alete chujio.

Nilimwambia Beinir aende mjini Tórshavn, akae kwa binamu yetu hadi baada ya Krismasi. Alikuwa ameketi kitandani kwake, anatazama ukutani.

"Nikienda ndiyo nimekimbia," alisema.

"Wakikushika utalia. Wewe ulikuwa unalia hata tukiimba nyimbo za kanisa."

"Nitalia, basi. Lakini nitafika mwisho, dada. Ikishaisha imeisha, nitabaki nyumbani kwangu, nitajenga banda. Mimi sina pengine pa kuishi." Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hatulifanyi. "Ila niahidi kitu. Vibeke asijue. Asijue wimbo unasema nini, wala kwa nini nilivunja. Yeye anafikiri banda lilikuwa bovu. Mwache afikiri hivyo."

"Ndiye unayemhurumia, huyo?"

"Sio huruma. Sitaki tu anitazame akijua. Kila mtu kisiwani atakuwa anajua, abaki mmoja."

Nilimwahidi. Niliapa kwa kaburi la mama, na ningejua ningeapa kwa kitu chepesi zaidi.

Jioni ya ngoma tulikusanyika kwenye chumba cha shule. Kwetu hakuna ala, miguu ndiyo ngoma: hatua mbili kushoto, moja nyuma, mikono imeshikana, sakafu inaitikia. Hálvdan alikuwa amemwalika Vibeke, kwa makusudi, naye akaja na kamera ndogo ya mkononi, akapanda juu ya benchi ili aone vizuri. Tulianza na tenzi za zamani za wafalme na majitu. Duara likapata joto. Kisha Hálvdan akanyamaza, na kila mtu akajua.

Tróndur na mdogo wake Eyðun wakamwendea Beinir. Hao ndio wanaomshikia kamba majira ya ndege, anaposhuka gengeni kuchukua mayai, na maisha yake yamekuwa mikononi mwao kila mwaka tangu wakiwa vijana.

"Hamna haja ya kunishika," Beinir akawaambia. "Nakuja mwenyewe."

"Tunajua, kaka," Tróndur akasema. "Lakini lazima tukushike." Wakamshika juu ya viwiko, vidole vikazama kwenye sweta la kanisani.

Hálvdan akaanzisha, nasi tukapokea:

*Kanyoa ndevu Beinir, mbwa wake hakumjua,*
*kapaka mafuta kichwa, kondoo wakakimbia.*
*Sogea, Beinir, sogea, watuzibia mlima.*

Kila kiitikio duara zima lilimpungia mkono mmoja, vile Vibeke alivyompungia, bila kumtazama. Watoto wa ndugu waliokuja kutoka kisiwa cha pili walikuwa wakicheka hadi wanashindwa kukanyaga. Beinir alikuwa anacheza. Uso ulikuwa mwekundu, kisha mweupe. Beti zikaendelea: sweta, mizigo, namna alivyotembea nyuma ya koti jekundu kama kondoo anayefuata chumvi. Walikuwa wametunga vizuri, naumia kusema hivyo. Kisha wakafika kwa baba:

*Banda la baba kavunja, mlima uonekane,*
*na nyama ya Krismasi aitafute kwingine.*

Hapo alikosa hatua. Tróndur na Eyðun wakamwinua, miguu yake ikawa inagusa sakafu na kuiacha. Alifumba macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, mdomo wazi, na nikaona kwamba anaimba. Alikuwa anaitikia pamoja nasi, kwa sauti kubwa kuliko wote, "Sogea, Beinir, sogea," na kichwa amekitupa nyuma. Ndivyo mtu anavyofika mwisho. Nilijua anafika. Moyo ulinipanda kwa kiburi, mimi nilikuwa nalia na kucheza.

Ndipo mwanga mkali ulipopiga ukuta. Vibeke alikuwa amemlenga yeye. Mwanamke asiyepiga watu alikuwa anampiga mdogo wangu, mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

Nilivunja duara, nikamwendea. "Usipige hiyo," nikamwambia kwa lugha yake.

"Kwa nini?"

Nikafungua kinywa. Nikakumbuka kaburi la mama. "Basi tu. Nakuomba."

"Lakini mtazame, Sunnvá," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi pia. "Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama ile. Sisi kwetu tumeisahau." Akanipapasa bega, akapiga tena.

Wimbo ukafika ubeti wa mwisho. Tróndur akamwachia, akambusu shavuni. Hálvdan akaleta pombe kali na gilasi moja, akampa anywe kwanza. Wanawake wakamkumbatia. Kesho yake hakuna aliyelitaja, na Jumatatu Tróndur na Eyðun walikuja na mbao mpya na misumari, wakamwuliza Beinir banda analitaka wapi. "Palepale," akasema. Wakalijenga palepale, nyama yetu ikaning'inizwa pamoja na ya wengine. Vibeke alikuwa ameshapanda boti. Krismasi ile Beinir alikata nyama kwa kisu cha baba, akamkatia Hálvdan kipande cha kwanza, na nikasema moyoni kwamba watu wetu ni makatili lakini wanajua kumaliza.

Kitabu kilikuja na boti ya barua mwezi wa Mei, kimefungwa vizuri, jina la Beinir juu. Alikifungua dukani, mbele ya watu, kwa kuwa vifurushi vyote vinafunguliwa dukani. Kwenye jalada hapakuwa na mlima. Palikuwa na uso wake: macho yamefumbwa, mdomo wazi, machozi hadi kidevuni, na pande zote mbili mikono ya watu imembana juu ya viwiko. Chini yake jina la kitabu lilikuwa *Furaha ya Kaskazini*.

Hakuna aliyecheka. Tróndur aliitazama mikono ile, akaiingiza ya kwake mfukoni. Hálvdan, ambaye sijapata kumwona amekosa neno, alivua kofia kama kuna maiti. Wimbo ule ulikuwa umekatazwa kuimbwa, lakini picha haikuwa na sauti, na kila aliyeiona aliusikia mwanzo hadi mwisho. Beinir akakifunga, akaniletea nyumbani. Ndani yake Vibeke alikuwa ameandika shukrani kwa rafiki yake Beinir, aliyemfundisha kucheza maisha.

Mwezi wa Juni wageni wakaanza kuja. Mwanzoni wachache, kisha boti nzima, na kitabu mkononi. Walipiga picha Knúkur, wakalalamika kuna banda mbele yake, kisha wakauliza: yule mtu wa furaha anakaa wapi? Beinir alikuwa anajificha zizini. Nilikuwa nawaambia amekufa. Lakini mwanamume hawezi kuishi zizini kiangazi kizima, na siku moja alikuwa gatini anapakua magunia ya unga boti ilipotia nanga.

Walimtambua kabla hawajashuka. Wakamzunguka. Mzee mmoja akashika kitabu mbele ya uso wake ili wafananishe. Wanawake wawili, wenye afya, wachangamfu, wakamshika mikono juu ya viwiko, mmoja kulia na mmoja kushoto, kama kwenye jalada, na mzee akainua kamera.

"Fumba macho," akamwambia kwa ishara. "Fungua mdomo."

Tróndur alidondosha gunia akaanza kuja. Beinir akamtikisia kichwa. Akafumba macho, akafungua mdomo, akasimama hadi walipotosheka. Kisha akamaliza kupakua unga, gunia kwa gunia, akapanda nyumbani kuchukua mfuko wake.

"Usiende," nikamwambia. "Wageni wanakwisha Septemba."

"Na mwakani?"

"Mwakani watakuwa wamesahau."

"Wimbo una ubeti wa mwisho, dada," akasema. "Niliweza kwa kuwa nilijua upo. Hiki kitu mwisho wake uko wapi?"

Aliondoka na boti ileile, ameketi upande wa nyuma, na wale wanawake wawili wakimpa biskuti. Sasa yuko kwenye meli ya samaki upande wa Greenland. Ananiletea salamu kupitia watu. Wanasema amefuga ndevu hadi kifuani na hajibu akiitwa kwa jina lake.

Vibeke alirudi vuli iliyofuata. Alisimama mlangoni kwangu na koti lake jekundu, akatazama. "Kumbe mmelijenga tena," akasema kuhusu banda. Kisha akauliza, "Beinir yuko wapi? Safari hii nilitaka kumpiga yeye tu, mwezi mzima."

"Amesogea," nikamwambia.

Alisubiri niendelee. Nilikuwa nimeapa, na kumwambia kungekuwa kumvua Beinir nguo mara ya pili, mbele ya mtu mmoja tu ambaye yeye hakutaka amwone. Lakini sikuwa nimeapa kutoimba. Nilikwenda kwa Hálvdan usiku haujaingia, nikamwambia, "Safari hii nakuletea kitambaa mimi." Alinimiminia kahawa, nikainywa.

Kila nyumba ilichanga. Hatujawahi kutunga wimbo mkali vile. Jioni ya ngoma Tróndur na Eyðun walimwendea Vibeke, wakamshika juu ya viwiko. Nilianzisha mimi mwenyewe:

*Macho anayo mawili, na la kioo la tatu,*
*kayakodoa kwa Beinir, yote hayakuona mtu.*

Tukamwimbia yote: banda, mkono wa kupunga, jalada, gati. Tulikanyaga hadi vumbi likatoka kwenye dari. Tulimwimbia usoni, tukimtazama sote, na Tróndur alikuwa analia waziwazi. Vibeke alicheza. Alishika hatua upesi, mbili kushoto, moja nyuma. Alitupa kichwa nyuma, akafumba macho, akawa anaitikia maneno yetu bila kuyajua, machozi ya kicheko yakimtiririka hadi kidevuni. Nilimtafuta mahali pa kuumia nikakosa. Ubeti wa mwisho ukaja, ukapita, na kwa desturi yetu ukawa umekwisha, hatutauimba tena.

Vibeke alikuwa anahema. Alinishika mikono yote miwili kunishukuru, akasema amesubiri mwaka mzima apewe heshima aliyopewa Beinir, kisha akauliza kama tunaweza kuurudia, apate mtu wa kumpiga picha.